Sauti Iliyotoka Rugera

Naila Isihaka aliusikia ule ujumbe wa sauti Jumapili mchana, akiwa dukani kwa baba yake mjini Kayanga, anamsaidia kukunja vitenge. Mteja mmoja ndiye aliyeucheza kwenye simu yake, akaiweka juu ya kaunta ili kila mtu asikie.

Mwanamke alikuwa analia. Kiswahili chake kilichanganyika na Kinyambo. "Wamenimalizia kibanja," alisema. "Wamekata mama, wamekata binti, wamekata mpaka mjukuu. Tutakula nini sisi?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba hakuwa anazungumzia watu. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba; mama ni mgomba mkubwa wenye mkungu, binti ni ule unaoufuata, mjukuu ni chipukizi pembeni. Ukikata vyote vitatu, shina limekwisha. Chini ya ile sauti kulikuwa na maneno ya herufi kubwa: SERIKALI INAFYEKA MIGOMBA RUGERA ILI ICHUKUE ARDHI.

"Naila," yule mteja akasema, "si wewe ndiye afisa habari huko halmashauri? Mbona mnawafanyia watu hivi?"

Naila alikunja kitenge kingine. Alijua kwamba mnyauko wa migomba ulikuwa umerudi katika kata kadhaa, na kwamba wataalamu wa kilimo walikuwa wanazunguka vijijini kuwaelekeza wakulima. Habari ya kufyeka kibanja cha mtu kijijini Rugera ilikuwa ngeni kwake. Alimwambia mteja atafuatilia. Mteja akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia neno hilo mara nyingi.

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi alimwita ofisini. Ujumbe ulikuwa umemfikia yeye pia, tena kutoka kwa ndugu yake aliyeko Dodoma.

"Andika taarifa kwa umma," alisema. "Sema ni uzushi, wananchi waupuuze, na wanaousambaza watachukuliwa hatua. Iwe imetoka kabla ya saa nne."

Naila aliandika. Kazi hiyo aliijua vizuri: nembo juu, kumbukumbu namba, aya mbili zenye maneno mazito, mhuri chini. Akaipiga picha na kuituma kwenye ukurasa wa Facebook wa halmashauri na kwenye kundi la waandishi wa habari. Kabla ya saa sita majibu yalikuwa yamejaa. Wengine waliweka vikatuni vya kucheka. Mmoja aliandika: "Mama analia, ninyi mnamjibu kwa mhuri." Maneno hayo yalipendwa na watu wengi kuliko taarifa yenyewe.

Mchana zikaja habari mbaya zaidi. Huko Igurwa, afisa ugani aliyekwenda kukagua migomba alikuta magogo yamelazwa barabarani na kina mama wamekaa juu yake. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimwambia tu ageuze pikipiki yake. Elipidius, mkuu wa kilimo, aliingia ofisini kwa Naila akiwa ameshika kofia mkononi.

"Wameanza kuficha," alisema. "Mtu anauona mgomba wake unanyauka, anaufunika kwa majani makavu ili tusiuone. Na ugonjwa huu hauna subira, Naila. Panga moja tu lililokata mgomba mgonjwa linaweza kuueneza kibanja kizima."

"Wewe uliwahi kutuma watu Rugera wakakate mashina mazima?"

"Mimi? Hapana. Siku hizi tunafundisha kukata mgomba unaoumwa tu, ule mmoja, na kuacha mingine. Zamani ndipo watu walielekezwa kung'oa shina lote."

"Basi yule mama analia nini?"

Elipidius akaishika kofia yake vizuri. "Hilo ndilo silijui."

Naila aliitazama tena taarifa yake kwenye kompyuta. Alikuwa ameandika kwamba jambo halikutokea kabla hajaenda kuona kama lilitokea. Akachukua mkoba wake, akaenda kwa miguu hadi Redio Ihembe, kituo kidogo kilichokuwa juu ya duka la pembejeo, ambacho kinasikika Karagwe yote na sehemu kubwa ya Kyerwa, wilaya jirani.

Mtangazaji wa vipindi vya kilimo aliitwa Kashaija, mwanamume mwembamba mwenye sauti nzito iliyowafanya watu wanaomwona kwa mara ya kwanza wadhani wamekosea mtu. Alimkaribisha Naila kiti lakini hakutabasamu.

"Leo afisa habari amekuja mwenyewe," alisema. "Nikikupigia simu kutafuta ufafanuzi, unaniambia niandike barua. Kukiwa na ziara ya kiongozi, unanipigia wewe saa kumi na mbili asubuhi."

"Ni kweli, kaka."

Kashaija alikuwa amejiandaa kubishana, akakosa wa kubishana naye. Akasogeza kikombe chake cha kahawa.

"Ile sauti umeipata?" Naila aliuliza.

"Tangu Ijumaa. Wasikilizaji wamenitumia mpaka simu imejaa."

"Mbona hujaitangaza?"

"Ningeitangazaje? Nimesikia upande mmoja, na huo mmoja wenyewe umekatwa katikati. Sikiliza mwisho wake, neno linakatika. Mimi nikisema kitu leo hewani, kesho nakutana na watu sokoni wananiuliza. Anayesambaza kwenye kundi hakutani na mtu." Akamtazama. "Lakini huyo mama namjua. Anaitwa Deodatha, anaimba kwaya ya Kilutheri huko Rugera. Hupiga simu kwenye kipindi changu kuomba nyimbo."

"Nipeleke kwake."

"Mkamkamate?"

"Tukamsikilize. Njoo na kinasa sauti chako, uwe shahidi wa kila neno nitakalomwambia."

Walikwenda kesho yake, wao wawili pamoja na Elipidius. Gari la halmashauri lilipoonekana njiani, watu walisimama kwenye mipaka ya vibanja vyao na kulitazama bila kupunga mkono. Kashaija alishusha kioo, akawasalimia kwa Kinyambo kwa sauti yake ya redioni, na hapo nyuso zikalegea kidogo.

Deodatha alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Alipoliona gari alisimama, ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika uani. Alikuwa mama wa makamo, amefunga kanga kifuani.

"Mmekuja kunifunga," alisema.

"Shikamoo mama," Naila alisema, akachuchumaa na kuanza kuokota maharage.

Deodatha alimwangalia yule binti wa mjini mwenye hijabu akiokota punje moja moja kwenye udongo. Ndipo akaitikia. "Marahaba mwanangu." Kisha naye akachuchumaa. Kashaija na Elipidius wakafanya hivyo hivyo, na mazungumzo yakaanzia pale chini.

Alisema hakumtumia mtu yeyote ule ujumbe ila binti yake Mackrine, anayeishi Mwanza. Alikuwa ametoka shambani na uchungu wake, akashika simu akamlilia mwanawe. Mackrine akautuma kwenye kundi la ukoo ili wajomba wasaidie. Kutoka hapo hakuna aliyejua ulivyotoka, wala nani aliukata na kuandika yale maneno ya ardhi.

"Mimi sikusema habari ya ardhi," alisema. "Nilimwambia Mackrine kwamba mgomba mmoja ulikuwa unaumwa kweli. Niliuona mwenyewe, ndizi zimeiva kabla ya wakati, ukikata unatoa maji ya manjano. Vijana wakaja, wakasema wametumwa kuondoa ugonjwa. Nikawaonyesha ule mmoja. Wakakata na mingine yote iliyouzunguka. Nikawaambia jamani hii ni mizima. Wakasema ndiyo maelekezo."

"Vijana gani, mama?" Elipidius aliuliza.

"Walivaa vizibao vya kijani. Mgongoni vimeandikwa Mgomba Hai, na nembo ya serikali hapo chini."

Elipidius na Naila wakatazamana. Mgomba Hai lilikuwa shirika dogo lililoomba kibali cha kusaidia kazi ya mnyauko, likapewa, likaruhusiwa na kutumia nembo.

Walikwenda kuona. Nyuma ya nyumba, mahali palipopaswa kuwa na kivuli, jua lilikuwa linapiga hadi chini. Migomba ilikuwa imelala, majani yameanza kugeuka rangi. Elipidius alipiga magoti, akakagua kisiki kimoja baada ya kingine. Alikuwa mtu asiyependa kusema mengi, lakini alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Huu ulikuwa mzima," alisema. "Na huu. Na ule pale. Samahani sana, dada yangu. Hawa hawakuelekezwa vizuri, na kazi ya kuwaelekeza ilikuwa yangu."

Deodatha hakutegemea hilo. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Hayo maneno," alisema, "mtayasema na huko wanakosikia watu, au mtayaacha hapa kibanjani?"

Naila alitaka kumwahidi, akajizuia, kwa sababu ahadi hiyo haikuwa yake kuitoa. "Nitajaribu, mama. Na hakuna nitakachotangaza juu yako bila wewe kukubali."

Mkurugenzi aliwasikiliza jioni ile akiwa amesimama dirishani. Naila alipomaliza, alirudi kukaa.

"Kwa hiyo unataka niende redioni niseme tumekosea."

"Useme kilichotokea, Mkurugenzi. Vijana wa Mgomba Hai wamekata migomba mizima wakiwa wamevaa nembo yetu. Hakuna anayechukua ardhi ya mtu. Na mgomba unaoumwa lazima ukatwe. Mambo hayo matatu ndiyo yote."

"Magazeti yatatupamba ukurasa wa mbele."

"Yataandika. Lakini tukiendelea kukana, kibanja kipo pale pale, na kila mwenye simu anaweza kwenda kukipiga picha. Tutakana na picha?"

Mkurugenzi akamgeukia Elipidius. "Wewe umeona?"

"Nimeona kwa macho yangu. Ingekuwa kwa mama yangu mzazi, ningekaa njiani kama wale wa Igurwa."

Mkurugenzi alicheka bila kutaka. Akapiga piga kalamu mezani. Kisha akaagiza Mgomba Hai wasimamishwe kazi mpaka vijana wao wafundishwe upya, na Deodatha atafutiwe machipukizi safi. "Na hiyo redio," alisema, "ni saa ngapi?"

Ilikuwa Alhamisi saa kumi alasiri, wakati watu wametoka shambani na redio zimefunguliwa jikoni. Mkurugenzi aliingia studio na karatasi aliyoiandaa mwenyewe. Akaanza kusoma: halmashauri ingependa kuutaarifu umma kuhusu taharuki iliyojitokeza. Kashaija alimwacha amalize sentensi hiyo, kisha akamkatiza kwa upole.

"Mkurugenzi, kuna mama Rugera anakusikiliza sasa hivi. Ungekuwa umekaa kwake, ungemwambiaje?"

 Naila, aliyekuwa nyuma ya kioo, alishika mkono wa kiti. Mkurugenzi akaiweka karatasi chini.

"Ningemwambia pole," alisema. "Migomba yake mizima imekatwa na watu tuliowaruhusu sisi. Hatukuwafuatilia kama ilivyotakiwa. Tunaomba radhi, na tutampelekea miche. Ardhi ni yake, hakuna anayeitaka."

Halafu ikawa zamu ya Elipidius. Alipokaa mbele ya kipaza sauti ulimi wake ukageuka wa semina. Akasema habari za udhibiti wa vimelea na usafi wa zana. Kashaija akamuuliza kama mtoto anavyouliza: "Nikate upi, niache upi?" Elipidius akapumua, akaeleza. Kata ule ulionyauka, chini kabisa, uuache hapo hapo ukauke. Usiguse mingine. Panga lako lipitishe kwenye moto mpaka lipate joto, au lioshe kwa jiki, ndipo uende kwenye shina jingine. Ua dume linaloning'inia chini ya mkungu livunje kwa mti wenye panda, usitumie panga. Kashaija alikuwa anayarudia kwa Kinyambo kila Elipidius aliposita.

Simu zikafunguliwa. Ya kwanza ilitoka Igurwa, mama mwenye hasira ambaye hakutaka salamu. Aliuliza kwa nini hawakuelezwa mapema badala ya kutishiwa hatua za kisheria kwenye karatasi. Mkurugenzi alijibu kwamba karatasi ile ilikuwa ya haraka na imeshaondolewa. Nyuma ya kioo Naila aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Ni kweli alikuwa ameiondoa asubuhi ile, na mahali pake ameeleza sababu.

Simu ya mwisho ilitoka mbali, upande wa Kyerwa.

"Naitwa Nsabimana, niko Kamuli," sauti ilisema, nzee kidogo na yenye aibu. "Mimi ninao ugonjwa huo kibanjani. Nimeufunika kwa majani. Nilidhani mkiuona mtanimalizia na kahawa. Sasa naomba mtu aje anionyeshe, nisije nikakosea."

Kashaija akamtazama Naila kupitia kioo. Naila alikuwa ameshachukua simu kumpigia afisa habari mwenzake wa Kyerwa. Ugonjwa haukuwa na habari na mpaka wa wilaya, kwa hiyo nao wakakubaliana wasiwe na habari nao katika kazi hii. Asubuhi iliyofuata mtaalamu wa upande ule alikuwa kwa Nsabimana.

Lakini Naila alijua kwamba wengi walioisikia ile sauti hawakuwa karibu na redio. Wengine walikuwa Mwanza, Bukoba, hata Dar es Salaam, na ndio waliokuwa wanawapigia wazazi wao wawaonye wasimruhusu mtu kuingia kibanjani. Hao ilibidi wafuatwe kwenye simu, walikoupatia uvumi. Akarudi Rugera kumwomba Deodatha ruhusa ya kumrekodi video.

"Nionekane na sura yangu?" Deodatha aliuliza.

"Ukipenda. Usipopenda tutarekodi mikono tu."

"Sura yangu ina kasoro gani?" Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kwaya.

Naila alikuwa ameandika maneno ya kusema, mafupi na yaliyopangwa vizuri. Deodatha aliyasikiliza yote kwa adabu, akashika panga, akayasahau. Alimtazama Naila aliyeshika simu kana kwamba anamtazama jirani. Akasema kwa Kinyambo kwamba yeye ndiye yule aliyelia kwenye simu za watu, na leo halii. Akauonyesha mgomba mmoja uliokuwa umeanza kunyauka pembeni ya kibanja, ambao Elipidius alikuwa amemwonyesha siku hiyo. Akaukata chini kabisa. Akapitisha panga kwenye moto wa majani makavu, moshi ukamwingia machoni, akapiga chafya, akacheka, akaendelea. Mwisho akasema, "Binti na mjukuu waacheni wakue."

Elipidius, aliyekuwa amesimama kando, alisema chafya iondolewe. Naila alikataa. Akaweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha na kuipunguza uzito ili isimalize kifurushi cha mtu. Wa kwanza kutumiwa alikuwa Mackrine, naye akaombwa aiweke kwenye kundi lile lile la ukoo. Kashaija alicheza sauti ya Deodatha redioni. Wakaiweka na Facebook, na safari hii vikatuni vya kucheka vilikuwa vya chafya tu.

Magogo ya Igurwa yaliondolewa wiki ile. Si kila mtu aliyeamini. Wapo waliosema mama amenunuliwa kwa miche, na ile sauti ya kwanza bado iliibuka hapa na pale kwenye makundi ya watu wa mbali. Kila ilipoibuka Naila aliijibu kwa picha ya Deodatha, bila kumtisha mtu. Mkurugenzi alikubali kipindi kile cha Alhamisi kiwe cha kila wiki, na namba ya simu ya ofisi ikatangazwa redioni ili watu waulize kabla hawajasambaza. Kashaija akimpigia Naila kutafuta ufafanuzi, alipata ufafanuzi. Mara moja moja alipata jibu la "sijui, nipe mpaka jioni," na jioni Naila alipiga.

Mvua zilipokolea, Naila alikwenda Rugera na Elipidius kupeleka machipukizi. Majirani walikuja kusaidia kuchimba mashimo, tena bila kuitwa. Deodatha alikuwa anapita huku na huku akiwakemea wanaochimba mashimo mafupi. Mvulana mmoja wa jirani alipiga chafya ya kuigiza na watu wote wakacheka, Deodatha mwenyewe zaidi ya wote. Kazi ilipokwisha walikula ndizi na maharage chini ya paa la jiko, mvua ikipiga bati, na Naila aliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alikuwa amekaa na watu aliokuwa akiwaandikia taarifa.

Wakiwa bado wanakula, simu ya ofisi, ambayo siku hizo alitembea nayo, ikaita. Alikuwa mama mmoja wa Kamuli. Majani ya kahawa yake yameota madoa ya rangi ya kutu, na jirani ameona kwenye simu kwamba ni sumu iliyopulizwa na ndege usiku.

"Umefanya vizuri kupiga, mama," Naila alisema. "Mimi sijui, na sitaki nikudanganye. Ila mtu anayejua yuko hapa anakula."

Akafuta simu kwa upindo wa mtandio, akampa Elipidius.